Damu ya Seenoi

"Nungunungu, Nungunungu, hapa Ubani. Unanipata?"

"Nakupata. Sema."

"Majibu ya Endabash yamefika. Marsela, malaria. Petronila, malaria. Yohani, malaria. Seenoi, malaria, apewe klorokwini na apumzike kitandani."

Qamara, aliyeitwa Nungunungu hewani, aliibana Panasonic shavuni, akimsikiliza mkuu wake. Kwa nje ilikuwa redio ya kusikilizia mpira. Ndani, mafundi wa Idara ya Usalama walikuwa wameifundisha kujibu.

"Hebu rudia huyo Seenoi, mzee."

"Malaria. Apumzike kitandani."

"Kitanda kitavunjika. Seenoi ni ng'ombe."

Wiki iliyopita Qamara alikuwa amepanda Malanja, kule juu Ngorongoro, kumwomba mfugaji wa Kimaasai, Mzee Ngoyai, damu ya ng'ombe. Mzee alimfunga Seenoi kamba shingoni mpaka mshipa ukatuna, akampiga mshale wake mfupi, ule wenye kizuizi ili usizame. Damu ikaruka. Kibuyu kikapata chake cha kuchanganya na maziwa, na kichupa cha maabara kikapata chake. Ng'ombe aliendelea kutafuna kama aliyeumwa na mbu. Kisha, ili kuitega maabara, Qamara alibandika jina na kukichomeka kichupa kati ya damu za wagonjwa wa Endabash.

Maabara hiyo ya wageni iliitwa Helvex. Serikali ilikuwa imeipa kandarasi ya kupima damu za wilaya nzima, na amri ikashuka kwamba dawa isitoke ghala la Karatu bila jibu la Helvex.

Na Helvex haikuwa inapima kitu.

Marsela alikuwa dada yake Qamara, aliyemlea mgongoni. Homa ilikuwa inampanda, inashuka, kisha inarudi na ndugu zake wote. Tangu mwanzo nesi Cresensia wa zahanati alisema ni homa ya papasi, wale wadudu wa kwenye nyufa za kuta za udongo. Dawa yake ilikuwepo ghalani. Jibu likaja malaria. Marsela akanyweshwa klorokwini mpaka masikio yakalia, na asubuhi hiyo hakumtambua mdogo wake.

"Fungua ghala, mzee."

"Kwa ushahidi wa ng'ombe? Nitachekwa mpaka nistaafu. Kesho wizara inawapa Helvex mkoa mzima. Nipatie sanduku lao la vichupa, damu ikiwa haijaguswa."

"Dada yangu hana kesho."

"Sasa mbona bado unaongea?"

Ilikuwa Jumapili alasiri, muda ambao magari binafsi yalipigwa marufuku ili nchi ibane petroli. Barabara ya Karatu ilikuwa tupu hata mbwa walilala katikati. Ikapita Range Rover nyeupe ya Helvex, kibali kwenye kioo, ubavuni maneno makubwa: DAMU. HATARI. USIFUNGUE.

Maabara ilikuwa Arusha.

Range Rover ilishika njia ya Ngorongoro, upande wa pili.

"Labda wanakwenda kumpima tembo," alinong'ona Qamara, akaitia Land Rover gia.

Kwenye geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi, askari aliwainulia Helvex mti bila kuchungulia. Nani anataka kuchungulia damu? Qamara akasimamishwa.

"Kibali cha Jumapili kiko wapi, ndugu?"

"Kiko mbele. Ndicho ninachokikimbiza."

Kabla askari hajaamua kama acheke, Land Rover ilishapita chini ya mti uliokuwa bado juu.

Ukungu. Matope mekundu. Kulia, bonde la Kreta likisubiri mzembe.

Paa. Risasi kutoka Range Rover.

Kioo cha mbele kikamwagika mapajani. Qamara alitoa Browning yake, akajibu. Akakosa. Akajibu tena. Akaipata taa, ushindi wa kusikitisha. Hizo ndizo risasi alizokuwa nazo; bastola ikabaki chuma tu.

Kisha injini ikakohoa.

Petroli imekwisha.

Aliweka gia huru, gari liteleze lenyewe kwenye mteremko wa Malanja. Range Rover ilizidi kuwa ndogo. Akilini akamwona Marsela, midomo imekauka, akimwita kwa jina la marehemu baba yao. Akaupiga usukani ngumi. Haukusaidia.

Halafu akasikia kengele.

Saa kama hizo ng'ombe wa Ngoyai hurudi kutoka kulamba chumvi, na huvuka barabara kwa mwendo wanaoupenda wenyewe. Serikali haijawahi kuubadilisha. Range Rover ilikuwa imesimama katikati ya mapembe, ikipiga honi.

"Mzee, toa ng'ombe," alifoka dereva, Inosenti, kijana wa mjini mwenye miwani myeusi kwenye ukungu.

"Wanatoka," alisema Ngoyai. "Hujaona wanavyotoka?"

Bosi wake, mzungu aliyeitwa Dressler, alishuka na bastola, akamlenga ng'ombe wa mbele.

Kamba ya upinde ikalia.

Dressler aliudondosha mkono pamoja na bastola. Mshale mfupi ulikuwa umemnasa msuli, umeishia kwenye kizuizi.

"Tulia, baba," alisema Ngoyai. "Nimechukua kidogo tu, ya kupima."

Qamara alifika mbio, akaiokota bastola. Inosenti alikuwa ameshainua mikono, miwani imeteleza puani.

Akafungua sanduku. Juu, vichupa vya wiki iliyopita na vya leo, pambo la kumtisha askari mdadisi. Chini yake, ndani ya pamba ya hospitali, pembe za faru zikielekea Loliondo na mpakani.

"Ubani, ninalo. Kichupa cha Marsela, plasta aliyokifungia Cresensia haijabanduliwa. Cha Seenoi vilevile. Chini kuna pembe za faru."

"Shahidi?"

Ngoyai aliinamia redio. "Mimi. Na mgonjwa yupo hapa, anakula majani."

Ubani alivuta pumzi. "Ghala linafunguliwa."

Polisi waliwachukua Dressler na Inosenti. Qamara alibaki; Land Rover yake haikuwa na petroli. Alikaa kwenye boma la Ngoyai na Panasonic magotini mpaka kukapambazuka na ikakoroma kwa sauti ya Cresensia, aliyeunganishwa na Ubani.

"Kaka Qamara? Dada amemeza dawa. Kulipokucha amefumbua macho, akauliza yule mdogo wake mtoro yuko wapi."

Qamara alifunga redio polepole. Alichelewa kidogo kuinua uso.

Ngoyai alimpa kibuyu cha maziwa na damu. "Kunywa. Ni ya Seenoi."

"Si ana malaria?"

"Ndivyo wataalamu walivyosema."

Alikunywa mpaka chini, akafuta mdomo, akaanza kuteremkia Karatu kwa miguu, kwenda kwa dada yake.