Chokaa ya Nyumba ya Bi Swafiya

Kata iligonga mdomo wa mtungi, ko, ko. Alfajiri ilikuwa bado. Mama alikuwa akichota maji ya udhu, na Tima akajua ni wakati wa kuamka.

Siku hizo watu wa Pate walikuwa na kazi. Bi Swafiya alikuwa ametoa nyumba ya mawe ya wazee wake, iliyokaa tupu miaka mingi, ifanywe zahanati, ili wagonjwa wasivushwe tena bahari hadi mji wa Amu. Boriti mpya zilikuwa zimekwisha kuwekwa. Kilibaki chumba kimoja tu kupakwa chokaa, na masanduku ya dawa yangefika Ijumaa. Watoto walipewa kazi ya kuleta maji ya kisima.

Asubuhi ile kisimani palikuwa na foleni. Tima alichoka kungoja. Akashuka ufukweni, akajaza debe lake maji ya bahari. "Maji ni maji," alijiambia.

Alipoyafikisha kwenye nyumba, Fundi Mselem akayamimina kwenye chokaa. "Ahsante, mwanangu. Mungu akupe afya."

Dua ile ilimchoma Tima.

"Fundi, kwa nini lazima yawe ya kisima?" aliuliza Fadhil, rafiki yake Tima.

"Ya bahari yana chumvi. Leo ukuta utang'aa kama yai. Masika ikija, chokaa yote itabanduka iwaangukie wagonjwa."

Fundi akainua mwiko. Tima aliona aibu, lakini akilini aliwaona pia hao wagonjwa.

"Fundi, ngoja! Mimi nimeleta maji ya bahari."

"Lo!" Fadhil akacheka. "Tima ametupikia mchuzi!"

Fundi hakucheka wala hakukaripia. Aliitazama chokaa ya asubuhi nzima, akapumua, akaimwaga. Kisha akachukua madebe mawili makubwa, akamwachia Tima lile dogo. "Haya, twende kisimani sote."

Walipaka hadi jua likakaribia kuzama, chumba kikaisha.

Bi Swafiya akaja na mkongojo wake, akaupapasa ukuta. Fundi alimsimulia yote. Tima akainamisha kichwa.

"Inua uso, mjukuu wangu," alisema Bi Swafiya. "Kosa ukilisema mapema, hugharimu jasho la siku moja. Ukilificha, watalilipia watu wasio na hatia. Leo umewahifadhi wagonjwa usiowajua."

Akamshika mkono. "Mimi nakaa kwa binti yangu, nyuma ya msikiti. Nisindikize, unywe chai. Na kesho uje tena kunitazama."