Wazo la Tusekile Linatoroka

Haya, kaeni vizuri. Mmekaa? Bado yule pale anajikuna. Haya, sasa tumekaa.

Kule Rungwe mvua haina utani. Ikishuka, imeshuka. Na huko, katika nyumba ya bati karibu na kijito, aliishi msichana mdogo aitwaye Tusekile.

Tusekile alijua kupiga mluzi. Alijua kuruka madimbwi. Alijua sana kumchokoza kaka yake, Ambakisye.

Jambo moja tu lilimshinda. Kusali bila kuwaza mambo mengine.

Kila jioni, kabla ya chakula, watu wa nyumba ile walisali pamoja jikoni. Kila mtu alikuwa na zamu yake ya kuongoza. Na mmoja akiongoza, hakuna kufumbua macho wala kuinuka mpaka aseme "Amina."

Zamu ya Tusekile ikifika, ilikuwa kazi kwelikweli.

Macho alifumba. Mikono alifumbata. Lakini wazo, puruu! Likatoroka.

Wiki iliyopita lilitorokea kwa paka. "Ee Mungu," Tusekile alisali, "ubariki chakula hiki, na... hivi paka amelala wapi?"

Ambakisye alicheka mpaka akapaliwa. Tusekile aliona aibu, akajificha nyuma ya Mama.

Lakini jioni hii hakuna aliyecheka. Jioni hii Baba hakuwepo.

Baba alikuwa amepeleka maziwa kwenye kituo cha maziwa, ng'ambo ya kijito. Alikuwa amebeba keni lake begani, lile la chuma lenye mfuniko. Alisema atarudi kabla ya giza.

Giza likaingia. Baba hakurudi.

Mvua ikapiga bati. Paa-paa-paa-paa!

Kijito kikafura. Siku nyingine kilipita taratibu, hata vifaranga walikunywa humo. Sasa kilinguruma. Vuuuuu!

Ambakisye alichungulia nje, akarudi mbio. "Mama! Lile gogo la kuvukia halipo! Maji yamelibeba!"

Mama alisimama mlangoni. Akaita kwa nguvu, "Baba Ambakisyeee! Weee!"

Mvua ikaimeza sauti yake yote.

Mama akarudi ndani. Kanga yake ilikuwa imelowa. Alikuwa akiuma mdomo, na Tusekile hakuwahi kumwona Mama akiuma mdomo.

"Mama, Baba yuko wapi?"

"Labda bado yuko kituoni. Labda yuko njiani." Mama alikaa chini. "Sijui, mwanangu. Tuombe kwanza, halafu niende kwa jirani nikaombe msaada. Zamu ya nani leo?"

Ambakisye akamtazama Tusekile.

"Yangu," alisema Tusekile, kwa sauti ndogo.

"Mama, omba wewe!" alisema Ambakisye. "Tuse ataanza tena mambo ya paka!"

"Mimi sauti haitoki, baba," Mama alimjibu. "Tusekile, mwombee Baba yako. Polepole tu."

Tusekile akapiga magoti.

Macho alifumba. Mikono alifumbata.

"Ee Mungu, mlinde Baba..."

To! To! To! Bati lilikuwa linavuja. Maji yalidondoka kwenye ndoo.

Na wazo, puruu! Likatoroka.

"...na ndoo ikijaa, nani ataimwaga?"

"Si unaona?" alinong'ona Ambakisye.

"Wewe, nyamaza," alisema Mama. "Tusekile, anza tena."

Tusekile alifumba macho kwa nguvu, mpaka pua ikakunjamana.

"Ee Mungu, mlinde Baba kwenye..."

Mbuuuu! Ndama alilia bandani.

Na wazo, puruu! Likatoroka.

"...ndama ana baridi."

Loo! Machozi yakamtoka Tusekile.

"Siwezi, Mama! Nikisema Baba, wazo linatoroka. Mungu ataona simpendi Baba. Na mimi nampenda!"

Mama akamshika mkono, hakufumbua macho. "Mungu anajua unampenda. Jaribu tena, mama."

To! To! To! Ndoo haikuwa na huruma hata kidogo.

Tusekile akakasirika. Alikuwa amechoka kuifukuza ndoo. Alikuwa amechoka kumfukuza ndama. Akasema moyoni, "Basi njoo na wewe, ndoo! Njooni wote! Tumwombee Baba pamoja!"

Akavuta pumzi.

"Ee Mungu, nasikia ndoo. To, to, to. Na Baba anadondokewa na maji huko nje. Mfunike."

Wazo halikutoroka.

"Ee Mungu, nasikia bati. Paa-paa-paa. Mvua hii ni yako. Iambie ipungue, Baba apite."

Wazo likakaa.

"Ee Mungu, nasikia ndama. Mbuuu. Anamwita mama yake. Na mimi namwita Baba yangu."

Mama alivuta kamasi. Ambakisye hakucheka. Kila sauti iliyokuja, Tusekile aliishika mkono, na ikampeleka kwa Baba.

Akasikiliza tena, amwambie Mungu nyingine.

Ndipo akaisikia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilikuwa ndogo. Ilikuwa mbali. Haikuwa ndoo. Haikuwa bati. Haikuwa ndama.

Aseme? Ambakisye atasema ameanza tena. Anyamaze? Na kama ni kitu cha maana, je?

Ngo. Ngo. Ngo.

Hapana, hakunyamaza. Akaitia na hiyo kwenye sala.

"Ee Mungu, nasikia ngo, ngo, ngo. Inatoka kijitoni. Sijui ni nini. Kama ni Baba, tusaidie tumfikie. Amina!"

Ambakisye alifungua mdomo amchokoze.

"Kimya!" alisema Mama. "Sikilizeni."

Wakasikiliza. Paa-paa-paa, lilisema bati. Vuuuuu, kilisema kijito. Hakuna kingine. Tusekile akaanza kuinamisha kichwa.

Halafu, ngo! Ngo! Ngo!

"Keni!" alipiga kelele Ambakisye. "Ni Baba! Anagonga keni lake!"

Mama alishaichukua tochi. "Kaeni hapa mlangoni. Msitoke hata kidogo! Gongeni sufuria, ajue tumemsikia!"

Ambakisye akashika sufuria. Tusekile akashika mwiko.

Kwa! Kwa! Kwa!

Na huko gizani Baba akajibu. Ngo! Ngo! Ngo!

Mwanga wa tochi ulishuka katikati ya migomba, mpaka karibu na kijito. Ukasimama hapo. Upepo ukawaletea sauti ya Mama.

"Usivuke hapooo! Gogo halipooo! Panda juu, kwenye daraja la zege!"

"Tochi yangu imezima!" Baba alijibu kutoka ng'ambo. "Sioni hata mguu wangu!"

"Nakumulikia! Twende pamoja!"

Mwanga ukaanza kupanda. Mama upande huu, Baba upande ule, na maji yakinguruma katikati yao.

Kwa! Kwa! Kwa! Tusekile aligonga.

Mwanga ukasimama.

"Amba, mbona mwanga umesimama?"

"Sijui. Gonga tu!" Sauti ya Ambakisye ilitetemeka. Naye alikuwa anaogopa, tusifiche.

Tusekile aligonga, na midomo yake ikasali. "Ee Mungu, Baba. Ee Mungu, Baba. Ee Mungu, Baba." Alisali macho yakiwa wazi, na mwiko mkononi, na wazo halikwenda popote.

Mwanga ukasogea tena.

Kisha ukapotea nyuma ya miti.

Giza tupu. Tusekile akamshika Ambakisye shati. Ambakisye akamwacha amshike.

Wakasubiri. Wakasubiri.

Chubwi. Chubwi. Chubwi.

Nyayo kwenye matope! Nyayo za watu wawili!

Mwanga wa tochi ukatokea penye kona ya nyumba. Huyu hapa Mama. Na huyu hapa Baba, amelowa chapachapa, matope mpaka magotini, keni begani.

"Baba!" Tusekile aliruka dimbwi la mlangoni, akamkumbatia mguu na matope yake yote.

"Nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi," alisema Baba. "Nilikuwa nataka kushuka nijaribu kuvuka palepale. Nilifikiri hakuna anayesikia."

"Tuse ndiye aliyekusikia," alisema Ambakisye. "Akiwa anasali." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Amesali vizuri sana."

Tusekile alimtazama kaka yake kwa mshangao. Ambakisye kumsifu mtu ni nadra, jamani.

Baba akamnyanyua Tusekile juu, akambana kifuani. Alikuwa na baridi, lakini Tusekile hakujali.

Wakakoka moto. Baba akabadili nguo. Wakala ndizi na maharage ya moto, na Baba akaongezwa mara mbili.

Mvua ikapungua. Watoto wakaingia kitandani, na Baba akaja kuwafunika blanketi. Akakaa pembeni ya kitanda.

"Sala ya kulala naongoza mimi," alisema.

Wote wakafumba macho.

"Ee Mungu," alisali Baba, "tunakushukuru kwa uhai. Tunakushukuru kwa Mama. Tunakushukuru kwa Ambakisye, na kwa Tusekile, na kwa... na kwa..."

Wakangoja.

Wakangoja tena.

Krrrr. Krrrr.

Blanketi lote likatikisika kwa kicheko cha Ambakisye. Tusekile naye alicheka, kidogo tu, ndani ya kiganja.

Kisha akafumba macho tena.

"Ee Mungu," alinong'ona, "nasikia krrrr, krrrr. Ni Baba. Yuko nyumbani. Amina."