Mwalimu Aliyekwenda Machungani

Nyumba ya Mzee Masele ipo nje kidogo ya Kagongwa, upande wa majaruba ya mpunga. Wanaishi hapo Mzee Masele, mkewe Justa, mtoto wao Masalu wa Darasa la Tano, na ng'ombe. Tumewataja ng'ombe pamoja na familia kwa sababu Mzee Masele ndivyo anavyotaka. Dume kubwa kuliko yote linaitwa Mwenyekiti. Likipita, mbuzi husogea kando.

Kila asubuhi mambo yalikwenda kwa utaratibu. Justa aliwasha moto. Masalu alitafuta kiatu cha kushoto. Charles, kijana aliyeajiriwa kuchunga, alifungua zizi na kuwapeleka ng'ombe kwenye ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Mzee Masele alisimama mlangoni akitazama, ili kazi ifanyike.

Asubuhi moja zizi halikufunguliwa.

"Charles yuko wapi?" aliuliza Mzee Masele.

"Ameenda Geita," alijibu Justa. "Kuna rashi."

Rashi ni mahali ambapo dhahabu imeonekana upya. Habari ya rashi ikifika kijijini, fimbo za kuchungia hubaki zimeegemea ukuta.

"Ameniacha na Mwenyekiti mikononi!" alilalamika Mzee Masele.

"Tuchunge kwa zamu na jirani yetu Adam," alisema Justa. "Leo wao, kesho sisi. Watu wengi wanafanya hivyo."

"Na ng'ombe wa Adam? Wale ni wavivu. Wakichanganyika na wangu watawaharibu tabia."

Justa alitazama juu kama mtu anayepima mvua.

Wiki hiyohiyo shule iliita wazazi. Mgeni wa siku alikuwa Vumilia, mwanachuo wa ualimu kutoka Shinyanga mjini. Alikuwa amekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa na sketi iliyopigwa pasi vizuri, spika ndogo, na imani kubwa.

Vumilia alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta aliyoazima chuoni. Kwenye shuka akatokea mama mmoja mwenye sauti tamu. Mama huyo alifundisha uwiano kwa kutengeneza sharubati. Vikombe viwili vya maji ya matunda, vikombe vitano vya maji. Picha zilikuwa na rangi. Kulikuwa na muziki. Wazazi walipiga makofi, na mzee mmoja akauliza kama kuna sehemu ya pili.

"Wazazi wangu," alisema Vumilia kwa furaha, "masomo haya nitawarushia bure kwenye simu zenu. Kuanzia leo mtoto anaweza kujifunza mahali popote!"

Mzee Masele alikuwa na simu janja ya kuulizia bei ya mpunga. Aliitazama. Kisha akatabasamu, na mkewe akaogopa.

Walipofika nyumbani, Mzee Masele alimwita mwanawe.

"Masalu, kesho huendi shule."

"Naumwa nini, baba?"

"Huumwi. Shule itakwenda na wewe. Utachukua fimbo, utachukua simu. Ng'ombe watakula majani, wewe utakula elimu."

Masalu alitafuta mahali pa kuficha furaha yake, akakosa.

"Baba Masalu," alisema Justa, "mtihani wa mwisho wa mwaka umekaribia. Mwalimu mkuu Donatus amesema asiyehudhuria hatafanya, na asiyefanya atarudia darasa. Mtoto wa Mashaka alianza hivihivi. Akaacha kidogo, akaacha tena, sasa yuko machimboni anaponda mawe."

"Huyo hakuwa na simu," alijibu Mzee Masele. Mjadala ukafungwa.

Basi Masalu akaenda ngitili na mwalimu wake mfukoni. Asubuhi alimsikiliza mama wa sharubati. Mchana alimsikiliza tena. Jioni alirudi nyumbani akiongea kama yeye.

"Uwiano ni ulinganisho wa kiasi cha kitu kimoja na kiasi cha kitu kingine!" alitangaza, akiwa ameshika mkia wa ndama. "Haya, watoto wazuri, tumejifunza sana leo!"

"Unasikia?" Mzee Masele alimwambia mkewe. "Kiswahili cha Dar es Salaam hicho. Kimeingia chenyewe."

Vumilia aliona dawati la Masalu halina mtu. Akauliza wanafunzi, wakamwambia. Siku ya Jumamosi alivaa kofia, akashika njia ya kwenda kwa Mzee Masele. Njia nzima alipanga maneno yake.

"Mwadila, baba," alisalimia kwa Kisukuma. Salamu hiyo ni ya mchana, na wazee wanaipenda. "Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Baba, nimekuja kwa ajili ya Masalu. Hajaonekana shuleni."

"Kwani si anasoma? Ulisema mwenyewe. Mahali popote. Ngitili si mahali?"

Vumilia alirekebisha kofia yake. Ni kweli alisema. Watu waliomsikia walijaa darasa zima.

"Muulize swali," alisema Mzee Masele kwa upole wa mshindi. "Lolote."

"Masalu, uwiano ni nini?"

Masalu alisimama wima, akakariri maana nzima bila kupumua. Akaongeza na muziki wa mwisho kwa mdomo.

"Umeona?" alisema Mzee Masele. "Nionyeshe kwamba huku si kusoma, kesho kutwa Jumatatu atarudi. Ukishindwa, mwache mwanangu na shule yake. Sasa tusubiri kidogo, leo tunaogesha ng'ombe."

Kuogesha ng'ombe ni kuwanyunyizia dawa ya kuua kupe. Kupe huleta ndigana, na ndigana huua. Zamani kazi ya kuchanganya dawa ilikuwa ya Charles. Sasa Charles alikuwa Geita ndani ya shimo, na chupa ilikuwa mkononi mwa Mzee Masele. Alivaa glavu, kwa sababu Justa alimfuata nazo mpaka zizini. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kama cheo chake kinavyotaka.

"Mtaalamu," Mzee Masele alimwita mwanawe, "tunachanganyaje?"

"Huo ni uwiano, baba!" alisema Masalu. Macho yalimng'aa. "Leta kikombe. Vikombe viwili vya dawa, vikombe vitano vya maji."

Mzee Masele alimimina. Chupa ilianza kulia goro-goro.

"Mbona dawa yote inaishia kwenye kikombe kimoja?"

"Ndivyo uwiano ulivyo, baba. Tutanunua chupa nyingine."

Vumilia aliruka kutoka kwenye kiti. Kofia ilianguka.

"Simama, baba! Usimwage kwenye ndoo! Masalu, hiyo viwili kwa vitano umeitoa wapi?"

"Kwa mama wa kwenye simu."

"Mama wa kwenye simu alikuwa anachanganya nini?"

Masalu alifikiri. Tukiri kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kufikiri tangu alipoanza kusomea ngitili, kwa maana hakuna aliyekuwa amemwomba.

"Sharubati," alisema polepole.

Wote walimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti aliwatazama wao.

"Dawa kali namna hii ingemfanyaje?" aliuliza Mzee Masele. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Dawa hii ni sumu, baba. Ikizidi, inaweza kuua ng'ombe, na hata ninyi mnaonyunyizia ingewadhuru. Ikipungua, kupe hawafi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye chupa. Kila dawa ina kipimo chake."

Mzee Masele aliirudisha dawa kwenye chupa taratibu, kama mtu anayemrudisha nyoka shimoni. Justa akakichukua kile kikombe akakitoboa chini, ili mtu yeyote asikinywee tena.

"Lakini nilielewa," alisema Masalu. Alikuwa karibu kulia. "Nilisikiliza mara nyingi. Najua yote kwa kichwa."

"Ulisikiliza vizuri sana," alisema Vumilia, akachuchumaa karibu naye. "Kosa lilianzia kwangu. Mama yule anazungumza, lakini hakuoni. Hawezi kujua umepotelea wapi. Hasimami kukuuliza. Nami siku ile niliwasha tu, nikaacha watu wapige makofi. Sikumuuliza hata mtu mmoja. Haya, tusome chupa."

Masalu alisoma maandishi madogo. Kwenye chupa ile iliandikwa kifuniko kimoja cha dawa kwa lita tano za maji.

"Ndoo yenu ni ya lita ishirini," alisema Vumilia. "Tutaweka vifuniko vingapi?"

"Kimoja."

"Umefikaje hapo?"

"Ndoo ni moja, kifuniko kimoja."

Mzee Masele alitikisa kichwa kukubali. Kwake ilikuwa hesabu safi kabisa.

Vumilia hakusema amekosa. Aliomba dumu tupu la lita tano. Akamwambia Masalu ajaze maji na kumimina kwenye ndoo, na kila akimimina dumu moja aweke kokoto moja chini badala ya dawa. Masalu akamimina, akaweka kokoto. Akamimina tena, akaweka nyingine. Dumu la tatu alilimimina polepole. La nne lilipojaza ndoo, alizitazama kokoto chini, akaruka.

"Ni vinne! Kila dumu lina kifuniko chake! Baba, ni vinne!"

"Na kama ndoo ingekuwa ya lita kumi?" aliuliza Vumilia.

"Viwili! Madumu mawili, viwili! Hata kama ni pipa, unagawa kwa tano tu, halafu..." Alisimama. "Kumbe ndicho alichokuwa anasema yule mama?"

"Ndicho hichohicho."

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Alisema," alijibu Vumilia. "Ila ulikuwa bado hujamimina."

Mzee Masele alipima vifuniko vinne. Mwenyekiti alioga kwa heshima zote, na wengine wakafuata. Kazi ilipokwisha, mzee alivua glavu, akanawa kwa sabuni, akamkagua Mwenyekiti kutoka pembe hadi mkia.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mtoto atarudi. Lakini mwalimu, ng'ombe nao watasoma wapi? Charles hayupo."

"Kwa zamu," alisema Justa. "Na Adam."

"Ng'ombe wa Adam ni..."

"Baba Masalu."

"Nimesema nakwenda! Sijasema nimekataa."

Jioni hiyo Mzee Masele alikwenda kwa Adam. Alizungumzia mvua, kisha bei ya mpunga, kisha afya ya watu wote wa kijiji, na aliposimama kuaga ndipo akasema alichokijia. Adam alicheka sana.

"Mzee mwenzangu, mimi nilikuwa naogopa hao wako! Yule Mwenyekiti wako anapiga wenzake pembe. Lakini tujaribu. Nani ataanza?"

"Mimi mwenyewe," alisema Mzee Masele, na hakuamini masikio yake.

Jumatatu Masalu alirudi shule. Vumilia naye alibadilika. Projekta haikurudishwa chuoni, ila sasa ilifanya kazi chini ya amri. Vumilia aliwasha, akaacha mama wa sharubati aseme maneno machache, akazima. Akauliza. Wanafunzi wakabishana wawiliwawili, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, wakamimina maji kwenye makopo mpaka sakafu ikalowa. Aliyekosa hakuchekwa. Aliulizwa amefikaje hapo, na mara nyingi alipokuwa akieleza aliliona kosa lake mwenyewe. Mwalimu mkuu Donatus alipita dirishani, akasikia kelele, akaingia kuwanyamazisha. Akakuta kelele ni za hesabu. Akatoka kwa kunyata.

"Nilipoingia chuo," Vumilia alimwambia baadaye, "nilidhani mwalimu wa kisasa ni yule anayejua kuwasha."

"Na sasa?"

"Sasa nadhani ni yule anayejua wakati wa kuzima."

Mtihani ulipofika, Masalu aliufanya. Katika hesabu hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa sita, mbele ya mtoto wa Adam, jambo ambalo Mzee Masele alilieleza kwa Adam mara kadhaa. Kupe nao walipungua, na hakuna ng'ombe aliyeugua ndigana msimu ule.

Mwaka mpya ulipoanza, Masalu akaingia Darasa la Sita. Zamu ya kuchunga iliendelea, na siku ya zamu yake Mzee Masele alikwenda ngitili na fimbo na simu. Majirani waliokutana naye walisema anaulizia bei ya mpunga. Lakini jioni moja alirudi, akafunga zizi, akamkuta Masalu amekaa kwenye mkeka na daftari.

"Mwanangu," alisema, "huyu mama wa kwenye simu leo amesema asilimia. Nikamwambia asubiri. Hakusubiri. Nikamuuliza kwa nini mia, kwa nini isiwe hamsini. Akapiga muziki, akaniaga."

Masalu alijaribu kutocheka, akashindwa, na baba yake pia.

"Kaa hapa, baba. Umeelewa mpaka wapi?"

Mzee Masele alitazama huku na huku. Mkewe alikuwa jikoni, lakini mwiko ulikuwa umeacha kugonga sufuria. Alishusha sauti. Halafu akaona hakuna haja, akaipandisha tena.

"Sijaelewa hata mwanzo," alisema.

Masalu alifunga daftari. Akamwaga maharage kwenye mkeka, akamsogezea baba yake, wakaanza kuyapanga.