Kiti cha Pili

Mwenye nyumba alileta viti viwili uani. Kimoja akakiweka mbele ya Mama Daftari, cha pili akakipangusa vumbi kwa kiganja na kukiweka ubavuni pake, kisha akarudi kuketi kizingitini. Mama Daftari hakulitilia maanani. Alidhani yuko mtu wa ndani anayekuja kuketi. Akafungua daftari akauliza yale yale anayouliza kila nyumba: nani alianza kuumwa, siku gani, alikula na nani, alilala na nani, nani alimshika mkono. Mwenye nyumba alijibu vizuri, ila macho yake hayakutulia. Yalimtazama mgeni, yakahamia kwenye kiti kitupu, yakarudi, kama mtu anayejitahidi asimbague mgeni hata mmoja.

Kisha akaleta maji, glasi mbili. Watu wa kikosi cha kufuatilia magonjwa hawali wala hawanywi kwenye nyumba yenye mgonjwa, hata kiu iwabane vipi, kwa hiyo Mama Daftari alishukuru na kuziacha zote mbili mezani. Alipoinuka kuaga, glasi moja ilikuwa tupu.

"Joto la leo hili," alijiambia njiani, kana kwamba joto lina koo.

Jina hilo la Mama Daftari alipewa na wenzake kwa sababu hakuziamini simu walizogawiwa kazini. Kila kitu alikiandika kwa mkono. Alikuwa na miaka kumi na saba kwenye kikosi, na hakuna aliyejua kuufuata ugonjwa kinyumenyume kama yeye, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu, mpaka amfikie wa kwanza kabisa. Lakini ukuu wa kikosi ulipotangazwa, walimpa msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hata namna ya kuvua glavu bila kujigusa. Na ubaya wa msichana yule ni kwamba hakuwa na ubaya. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa heshima zote, na Mama Daftari aliitikia marahaba huku roho ikimuuma. Angekuwa na kiburi, angemchukia kwa raha zake.

Nyumbani nako kulikuwa na lake. Binti yake wa pekee alikuwa amechaguliwa kuingia chuo cha udaktari, chuo kile kile alichokiacha mama akiwa mwaka wa pili, mimba ya huyo huyo binti ilipomwelemea. Barua ilipofika, mama alipiga vigelegele kuwashinda majirani wote. Halafu akaingia jikoni na kuosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi.

Homa yenyewe ilianzia machoni. Mtu aliamka macho mekundu kama aliyemenya vitunguu, siku ya tatu mwili unawaka, siku ya saba hamjui hata aliyemzaa. Maabara ilivikuta virusi kwenye damu ya wagonjwa wote tisa. Kilichokosekana ni njia. Kwenye ukuta wa ofisi palibandikwa karatasi kubwa yenye duara tisa, kila duara mgonjwa mmoja, na kwa kawaida ya kazi yao duara hizo zilipaswa kuunganishwa kwa mistari ya nani alimwambukiza nani. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Wagonjwa hawakujuana, hawakuuziana kitu, hawakupanda gari moja. Wa kwanza, fundi cherehani, alikuwa ameshazikwa.

"Kuna mtu wa katikati tunamkosa," alisema Mkuu wa kikosi. "Nani aliingia nyumba zote tisa?"

"Mimi hapa," alisema Mama Daftari, na wote wakacheka. Hata hivyo walimpima, maana utaratibu ni utaratibu. Hakukutwa na kitu.

Alasiri ile alikwenda wodini kumhoji mgonjwa wa tisa, mpima ardhi aliyewahi kusoma naye. Mwezi uliopita mpima ardhi huyo alihamia kwenye ghorofa lake, na Mama Daftari akapita kumpa hongera. Sasa alisimama kando ya kitanda, amefunikwa na nguo za kinga toka utosini hadi nyayoni.

"Jitahidi ukumbuke, ndugu yangu. Nani alikushika mkono siku zile?"

"Wengi. Walikuja kwa ajili ya nyumba." Mgonjwa akapumzika kidogo. "Wewe hukunishika."

Ilikuwa kweli. Siku ile mikono yake aliitia mifukoni, akatabasamu kwa meno tu.

"Mwenzio ndiye aliyenishika."

"Mwenzangu yupi?"

"Uliyekuja naye. Yule mrefu, mkimya. Mkono wake ulikuwa umelowa." Mgonjwa aliyageuza macho yake mekundu, akatazama nyuma ya bega la Mama Daftari, akashusha sauti. "Mbona yeye hamjampa nguo za kinga?"

Mama Daftari hakugeuka. Alisikia harufu ikipenya barakoa, harufu ya maua yaliyosahauliwa kwenye maji ya chombo hadi maji yakageuka ute, na akatambua kwamba harufu ile aliisikia pia uani kwenye viti viwili, na kabla ya hapo kwa fundi cherehani, na kabla ya hapo ndani ya gauni lake mwenyewe asubuhi fulani alipokuwa akilipiga pasi na kudhani ni sabuni mbaya.

Kesho yake saa saba mchana, wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki peke yake mbele ya karatasi ya ukutani. Akachukua penseli, akachora duara ya kumi katikati na kuandika jina lake. Halafu akaanza kuvuta mistari. Kutoka kwake hadi kwa fundi cherehani, aliyepata zabuni ya sare za shule akamwonyesha vyerehani vipya, hadi kwa jirani ambaye mumewe bado humbebea mkoba, hadi kwa mpima ardhi na ghorofa lake, na kila alipovuta mstari alikumbuka siku, na kila siku ilikuwa ya hongera, na kila hongera ilikuwa na kijicho nyuma yake, kijicho ambacho hakumwambia mtu, alichokibeba hadi nyumbani kimya kimya, na alipofika mstari wa tisa penseli ilitoboa karatasi, na hapo ndipo aliposikia kiti kilicho kando yake kikilalamika chini ya uzito wa mtu anayeketi.

"Umechelewa kuniona," ilisema sauti, taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Na wewe ni hodari wa kazi hii."

"Nani wewe?"

"Umesahau? Ukuu alipopewa mwingine, ulijifungia chumba cha kuvulia nguo za kinga, ukalia, ukasema laiti ungekuwa na mtu wa upande wako. Nilikuwa humo. Tangu hapo wewe unatia jicho, mimi natia mkono."

"Sikukutuma umuue mtu."

"Hukunituma," jini lilikubali. "Ulitamani tu. Mimi nakupenda, sitaki utaabike kusema."

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa kikosi aliingia na kopo la chakula mkononi. "Nimekuletea, mwalimu. Najua ukizama kwenye kazi huli." Alitabasamu, akayapikicha macho. Yalikuwa mekundu.

Mama Daftari alipita kando yake, akatoka nje bila mkoba.

Alikwenda kwa mkunga mmoja mstaafu ambaye watu wazima walimwendea kwa mambo yasiyoandikwa hospitalini. Mkunga alimpokea kwenye chumba chenye kitanda na mizani ya zamani ya watoto wachanga. Kabla hajaambiwa lolote, aliinuka akachungulia nje ya mlango, akaufunga kwa komeo.

"Umekuja na mtu," alisema.

Mama Daftari akaangua kilio, akaeleza yote. Mkunga alisikiliza huku akipangusa mizani.

"Hili haliogopi moshi wala kelele, usipoteze muda wako," alisema. "Linaishi ndani ya neno ulilolimeza. Mwendee kila uliyemwonea kijicho, mwambie mbele ya macho yake, mwombe radhi. Likikosa pa kukaa, litatoka. Aliyeachwa ndiye litakayemrudia. Na tahadhari, halifi. Likitoka kwako litatafuta mtu wa karibu mwenye neno lake tumboni. Nitajie wote sasa, nisikie."

Alimtajia kumi, Mkuu akiwa wa mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hata wa nyumbani?"

"Nyumbani niko na mwanangu tu," Mama Daftari alisema upesi. "Mtu anamwonea wivu mwanawe?"

Mkunga aliiacha mizani, akauendea mlango. "Wewe ndiye unayejua orodha zinavyotengenezwa," alisema, akafungua komeo.

Kazi ile ilikuwa chungu kuliko zote alizowahi kufanya. Kwenye kaburi la fundi cherehani alizungumza na udongo. Jirani alimsikiliza kutoka kitandani, akamgeuzia mgongo, lakini jioni ile joto lilimshuka. Mpima ardhi alicheka mpaka akakohoa. "Ungejua nadaiwa kiasi gani," alisema, na siku ya pili akaomba uji.

Mkuu ndiye aliyemliza. Alikuwa amelazwa chumba cha mwisho, midomo imekauka.

"Nilitamani ushindwe," Mama Daftari alimwambia. "Kila ulipoinama kuniamkia nilitamani uanguke."

Msichana alifumba macho. "Nilijua, mwalimu. Ndiyo maana niliinama zaidi."

Wiki mbili zikapita bila mgonjwa mpya. Kila mtu akaanza kuhesabu siku za kuitangaza homa imekwisha. Kila nyumba sasa Mama Daftari aliwekewa kiti kimoja tu, akapumua.

Jumamosi asubuhi, siku tatu kabla ya binti kusafiri kwenda chuoni, mama alitoka kuoga akakuta chai mezani. Vikombe vitatu. Binti alikuwa akipanga nguo kwenye sanduku, amempa mgongo.

"Cha tatu cha nani, mwanangu?"

"Cha mgeni wako." Binti akageuka. Macho yalikuwa yamemwiva. "Tangu juzi anakaa kitandani kwangu, ananishika paji la uso. Ni daktari? Mikono yake mibichi, mama."

Na Mama Daftari, aliyewahi kuingia nyumba za vifo bila kutikisika, alishika ukingo wa meza na kuyaona yote kwa mpigo, sahani safi alizoziosha, barua aliyoisoma mara nne akitafuta kosa, usiku ule wa miaka kumi na tisa iliyopita alipofunga vitabu vyake kwenye gunia, na harufu ya maua yaliyooza ikajaa chumba mpaka chai ikawa na ladha yake, na kiti cha tatu kikavutwa polepole kutoka chini ya meza pasipo mkono kuonekana, kikageuzwa kumwelekea binti.

"Nakuonea wivu," alisema. Sauti ilikatika, akaianza upya. "Wewe, mwanangu. Unaenda pale nilipotolewa, na nilitolewa kwa ajili yako. Kuna siku nilitamani barua ile isije. Nisamehe."

Kiti kilitetemeka kikatulia. Kikombe cha tatu kilipasuka katikati, chai ikamwagika sakafuni, harufu ikakatika. Binti alisimama na gauni mkononi, jasho likimtoka, joto likimshuka waziwazi mbele ya mama yake. Alifungua mdomo kusema kitu. Akaufunga. Koo lake likapanda na kushuka.

"Nimekusamehe, mama," alisema hatimaye, akarudi kukunja nguo.

Mama Daftari alimkumbatia kwa furaha kiasi kwamba hakujiuliza ni neno gani lile lililomezwa. Kwa kosa kama hilo angemkemea mwanafunzi wake yeyote.

Binti alipiga simu mwezi wa pili wa masomo, Jumapili mchana. Alisema masomo ni magumu ila anayamudu. Alisema analala chumba kimoja na msichana anayekuwa wa kwanza kila mtihani, na wala hasomi, na kwao wanampigia simu kila siku kumwambia wanavyojivunia. Alicheka, kicheko kirefu kidogo.

"Nimempa hongera," alisema. "Ila tangu juzi yuko kitandani, macho yanamsumbua. Halafu nikusimulie, mama. Wiki hii tumeanza kupelekwa majumbani kuona wagonjwa, kila mtu peke yake. Watu wa huku wakarimu ajabu. Nikifika tu, wananiwekea viti viwili."

Mama Daftari alivuta daftari, akafungua ukurasa mweupe. Akaandika tarehe.

"Mwanangu, nisikilize. Siku ile nilipokuomba radhi, ulitaka kuniambia nini? Niambie sasa. Hata kama ni baya. Na la huyo mwenzio, niambie pia."



"Hakuna kitu, mama," binti alisema upesi.

Na karibu zaidi na simu kuliko sauti ya binti yake, Mama Daftari akamsikia mtu akinywa maji.