Marinda ya Sketi ya Pachia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kazua alikuwa na kazi tatu. Kwanza alikatakata shina la mgomba na kuwachemshia nguruwe. Kisha alichota maji bombani, ndoo mbili zilizojaa. Kazi ya tatu, ambayo ndiyo aliyoipenda, ilikuwa kuketi mlangoni na bibi yake na kumtungia sindano. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake bado. Kazua alitunga sindano kumi, akazichomeka kwa mstari kwenye kitambaa: za uzi mwekundu huku, za waridi katikati, nyeupe mwisho. Sindano zikiisha uzi, bibi alijua kwamba mtoto yu karibu kurudi kutoka shule.

Mwaka ule nyuzi zote zilikwenda kwenye sketi moja tu, ya Pachia, dada yake Kazua aliyetimiza miaka kumi na sita. Bibi aliichora kwa nta, akaitia nili, akaianika, akaitia tena, mpaka kucha zake zikawa za buluu. Ukanda wa chini aliudarizi misalaba midogo kama punje za ufuta. Mwisho akakunja marinda, moja baada ya jingine, mamia kwa mamia, akayashikiza kwa mistari ya uzi. Akaiviringisha sketi nzima ikawa nyembamba kama muwa, akaihifadhi darini ndani ya kikapu.

"Nyuzi hizi hazikatwi mpaka asubuhi ya Mwaka Mpya," alisema. "Rinda ni kama mtoto mchanga. Ukimwamsha kabla hajashiba usingizi, siku nzima ni kilio."

Zilibaki siku sita. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, maana Mwaka Mpya wao huja baada ya mavuno, na katika mchezo wa sikukuu Pachia angesimama kwa mara ya kwanza kwenye mstari wa wasichana wanaorushiana mpira na wavulana, mbele ya kijiji kizima.

Jumamosi hiyo mama na Pachia walikwenda kubeba mpunga kutoka kibanda cha shambani. Bibi alikwenda kwa shangazi kusaidia kutwanga wali wa kunata kwa ajili ya mikate ya sikukuu. Kazua alibaki na rafiki yake Nou.

"Sketi, sketi, kila siku sketi," alisema Nou. "Mbona hatuioni? Labda ni gunia."

"Gunia kwenu."

"Basi ilete."

Kazua akapanda darini, akashuka na kikapu. Nou alipoona kitu kilichofungwa kwa nyuzi, akacheka. "Mbona kama soseji?"

Kazua alichukua mkasi wa bibi. Alikata mstari wa juu tu, ili waone kidogo. Kidogo hakikutosha, akakata wa pili. Alipofika wa mwisho, sketi ikafunguka mikononi mwake kama uyoga baada ya mvua. Hapo nani angeirudisha kikapuni? Aliivaa, akaikunja kiunoni kwa sababu ilimfika vifundoni, akatoka nje ili Nou aone inavyocheza. Akazunguka mara moja. Mara ya pili akateleza karibu na bomba, akaketi kwenye tope, chubwi.

Alipoinuka, marinda yote ya nyuma yalikuwa yamelala bapa, kama jani la mgomba lililopigwa na mvua.

"Tuifue upesi," alisema Nou. "Mama ana sabuni ya unga, inatoa hata grisi. Tunaianika juani, tunaikunja, nani atajua?"

Alikimbia kwao, akarudi na sabuni. Povu likajaa beseni. Kazua aliishika sketi juu ya maji. Akaona ule uzi wa waridi kwenye ukanda. Aliutunga yeye mwenyewe, asubuhi kwa asubuhi. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona bibi akitia nguo ya nili kwenye povu.

"Sitaifua," alisema.

"Sasa utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilichofanya."

Nou alichukua sabuni yake. "Basi mimi sikuwepo."

Kazua aliibeba sketi kwa mikono miwili mpaka kwa shangazi. Wanawake waliokuwa kinuni waliacha kutwanga. Bibi akaweka mchi chini, akamvuta pembeni.

"Bibi, nimekata nyuzi. Nimeivaa. Nimeanguka nayo." Hapo machozi yakamtoka.

Bibi aliinusa nguo, akaipapasa ukanda wote kwa kidole gumba.

"Umeitia sabuni?"

"Hapana, bibi."

"Maji ya moto?"

"Hapana."

"Umeikamua?"

"Hapana. Ni tope tu."

Bibi akashusha pumzi ndefu. "Basi bado tuna sketi. Rinda likilala, huamshwa. Lakini povu lingeitoa nili, nayo ingeingia kwenye waridi na kwenye nyeupe. Hilo hata mama yangu hakuwa na dawa yake." Kisha akamtazama. "Mimi ni fundi tu. Mwenye sketi ni Pachia. Utamwambia mwenyewe."

Jioni Pachia alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Miguu kama ya bata, halafu unavaa sketi ya watu," alisema. Akaketi upande wa pili wa sketi. "Shika huku. Na usipumue juu yake."

Waliitoa tope kwa maji baridi, kwa kugongagonga na kitambaa, bila kusugua. Waliianika kivulini, na kabla haijakauka kabisa wakaanza. Bibi alimwonyesha Kazua matundu madogo ya sindano ya kwanza. Ukiyafuata, rinda linakumbuka njia yake. Siku tatu, kila alipotoka shule, Kazua alibana marinda kwa kucha na kuyashikiza, huku wenzake wakipiga kelele uwanjani. Vidole vilimchonyota. Kisha waliiviringisha, wakaibana kati ya mbao mbili na jiwe juu, mbali na moshi wa meko.

Asubuhi ya Mwaka Mpya, Pachia alisimama katikati ya nyumba. Bibi alichukua mkasi, akampa Kazua.

"Mimi?" aliuliza Kazua.

"Leo ndiyo siku yake. Kata."

Alikata mstari baada ya mstari, ameshikilia pumzi. Sketi ikashuka. Marinda yakasimama yote, isipokuwa matatu karibu na nyonga yaliyopinda kidogo.

"Haya matatu ni ya bata," alisema Pachia, akazunguka, na sketi ikazunguka pamoja naye. Mama akacheka. Kazua alihisi kama ameshushiwa gunia la mpunga mgongoni.

Mlangoni Nou alichungulia. "Mimi nilijua itanyooka."

"Wewe hukuwepo," alisema Kazua, wakacheka wote wawili.

Walipokuwa wakielekea uwanjani, bibi alimshika Kazua mkono.

"Kosa ni kama tope, mjukuu wangu," alisema. "Likiletwa mapema, maji baridi yanatosha. Ukilifichia kwenye povu, linaingia mpaka kwenye rangi. Ulikosa ulipokata nyuzi, lakini uliiokoa sketi ulipokuja kusema. Na siku tatu ulizokunja zimekufundisha thamani yake kuliko maneno yangu. Mwakani utajikunjia ya kwako."