Jiwe Chini ya Albatrosi

Yai lilikuwa jiwe.

Muongozaji wa kisiwa ndiye aliyeliona kwanza. Albatrosi alisimama kiotani aligeuze yai lake kwa mdomo, kama wanavyofanya, na hapo palipokuwa na yai kubwa jeupe pakaonekana jiwe la ufukweni, la mviringo, limechafuka mchanga. Ndege wala hakushtuka. Akaligeuza taratibu, akalikalia tena. Jamani! Ndege mzuri vile, akikunjua mabawa ni marefu kuliko kitanda cha watu wawili, halafu anaatamia jiwe!

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nahodha akapiga filimbi, akawakusanya wageni wote ufukweni, pale kwenye beseni la dawa ambamo kila mtu husafishia viatu kabla ya kukanyaga kisiwa.

"Hapandi mtu boti," alisema. "Yai limeibiwa."

Muongozaji, msichana mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anageuka kila mara kutazama kiotani. Panya walishamaliza ndege wote wa pale. Hawa wawili ndio wa kwanza kurudi, na yeye alikuwa amelala kwenye hema karibu na kiota msimu mzima akiwalinda. Albatrosi hutaga yai moja tu.

"Likipoa ndio basi," alisema. "Kifaranga yumo ndani, jana nilimsikia akigonga."

"Na kamba ya kuzuia watu ilikuwa mikononi mwa nani?" Nahodha alimuuliza kwa ukali.

"Mwangu. Bi harusi aliugua, nikaenda kumshika mkono. Wengine walikuwa wanashuka kwenda kuwaona sili, wale wanyama wa baharini waliolala ufukweni, kila mtu kwa wakati wake."

"Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa na nafasi ya kukisogelea kiota kuliko wote."

"Nahodha, mwanangu," ilisema sauti kutoka nyuma, "usimkamue mtoto wa watu. Hebu nipishe."

Alikuwa Shangazi. Meli nzima ilimwita hivyo, kwa sababu binti wa kaka yake, aliyekuja kumsindikiza, hakuacha kumwita kutwa nzima. Alikuwa mkaguzi wa forodha aliyestaafu, mama mnene mwenye kofia pana, na tangu waanze safari alikuwa hajasema la maana zaidi ya "tazama, tazama!" kila nyangumi alipotokeza. Ila macho yake! Yaani ukimwona anakuangalia, unajipapasa mifuko mwenyewe.

"Shangazi, utaanza na mikoba?" binti aliuliza, anarukaruka.

"Mikoba ya nini? Bandarini sikuwa naangalia mzigo. Nilikuwa naangalia mtu anavyoubeba."

Macho ya wote yakamwendea Mzee Chupa. Mzee yule alikuwa na chupa kubwa ya chai ambayo hajawahi kuiachia, na sasa ameikumbatia kama mwana mchanga.

"Fungua, baba," Shangazi alisema.

"Sifungui! Hii ni siri ya mtu!"

"Yai linahitaji joto, na chupa hiyo inatunza joto."

Mzee alimtazama mkewe, akapiga moyo konde, akafungua. Chai tupu. Mkewe akachovya kidole, akalamba.

"Ahaa! Sukari! Sukari ile ile aliyokukataza daktari! Leo utanitambua!"

Watu waliangua kicheko, hata Nahodha. Ila muongozaji hakucheka. Alikuwa anatazama jua lilivyojificha na upepo ulivyoanza kupoa.

Bwana harusi naye akabanwa: kwa nini alionekana nyuma ya miamba?

"Nilikuwa namshikia mke wangu nywele," alijibu. "Alikuwa anatapika, Shangazi. Ulitaka nikupigie picha?"

"La, hasha. Hongereni," alisema Shangazi, na bi harusi akawa mwekundu. Shangazi akamgeukia mhadhiri wa meli, Dokta wa Ndege, bwana mrefu mpole ambaye wageni walimpenda sana kwa mafundisho yake. "Dokta, nisaidie. Kwa nini mwizi aliweka jiwe?"

"Ili wizi usigundulike mapema, bila shaka."

"Mwizi wa kawaida ananyakua anakimbia. Huyu alihangaika kutafuta jiwe la ukubwa ule ule, ndege asikate tamaa akaondoka. Ana huruma. Na alimnyanyua albatrosi bila kelele, wakati mimi nikimsogelea kidogo tu anataka kunitoa jicho."

"Basi ni muongozaji," Dokta alisema polepole. "Inasikitisha."

"Nilifikiri hivyo. Halafu nikakumbuka sili." Shangazi akavua kofia. "Asubuhi, sili wa kwanza, ulitufundisha nini?"

"Tulale chini," binti alidakia. "Mnyama anamwogopa mtu mrefu! Dokta mwenyewe alilala kifudifudi mpaka ndevu zikajaa mchanga!"

"Sili wa pili, baada ya kupita kiotani, sote tumelala. Yeye kasimama wima kama mlingoti. Na tazameni majaketi ya kuokolea. Sote tumebanwa hatupumui, Nahodha hana mzaha na mikanda. Ya Dokta inaning'inia. Mtu anayebeba kitu kifuani cha kuvunjika, baba, hainami na hajibani."

Dokta aliweka mkono kifuani, kwa upole kabisa, kama mama.

"Liko hai," alisema. "Nimeomba ruhusa mara ngapi nimlee kifaranga mmoja kwa mkono? Wananikatalia. Dhoruba moja tu ingekizoa kiota kile. Nilitaka kumwokoa."

"Kumwokoa?" muongozaji aliuliza. "Hukuniambia hata mimi ninayelala pale?"

Dokta akainamisha macho. "Nilitaka pia... niwe wa kwanza. Hakuna aliyewahi."

Nahodha akaruka kumkamata.

"Usimguse!" muongozaji alipiga kelele. "Ukilitoa hapa upepo utaliua. Aje nalo hivyo hivyo."

Basi ukatokea msafara ambao haujawahi kuonekana: mwizi mbele, Nahodha amemshika kiwiko cha kulia, Mzee Chupa cha kushoto, bwana harusi anamwondolea mawe njiani, na wote wanasema, "Pole pole, Dokta. Angalia hapo, pana utelezi." Mhalifu gani amewahi kubembelezwa hivyo?

Kiotani, Dokta alipiga magoti. Albatrosi akamchapa mdomo, damu ikamtoka mkononi, hakulalamika. Akaliondoa jiwe, akafungua shati, akalitelezesha yai chini ya tumbo jeupe. Ndege akasimama, akainama, akaligusa kwa mdomo. Halafu akakaa, akatikisa manyoya, akatulia.

Muongozaji alilala kifudifudi kwenye majani, sikio karibu na kiota, karibu mno, na ndege akamwacha. Watu wazima ishirini walibana pumzi.

"Anagonga," alisema, machozi yanamtiririka. "Anagonga kwa hasira!"

Akainuka, akajipangusa magoti, akamgeukia Nahodha.

"Haya. Sasa mnaweza kumkamata."