Tiketi Mbili katika Kopo la Pini

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alibadili sare, akanawa mikono, kisha akaingia chumba cha mbele ambamo mama yake alishonea nguo. Kazi yake ilikuwa kuokota pini zilizodondoka chini ya cherehani. Alifunga sumaku kwenye uzi, akaiburuta sakafuni, na pini zikairukia moja baada ya nyingine. Mwishowe alizitia zote, pamoja na sumaku, katika kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Nyumbani kwao, kitu chochote kisichotakiwa kupotea kiliwekwa koponi: vifungo, ufunguo wa kabati, hata jino la kwanza la kaka yake lililong'oka.

Jina la Chiriku alipewa na mafundi wenzake Mama, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku moja alimwona Mama akimpa mteja koti lake jipya. Mteja alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema limemkaa vizuri sana. Mama akamwomba alivue. Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa umekaa upande kidogo, akaufumua palepale, mwenye koti akitazama. Baadaye Chiriku aliuliza kwa nini hakunyamaza, maana hakuna aliyeona.

"Mimi niliona," alijibu Mama, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Muda si mrefu ikaja barua. Mama alikuwa amechaguliwa kupeleka gauni kwenye mashindano ya mafundi cherehani katika nchi nyingine, na aliruhusiwa kwenda na mtu mmoja. Lugha ya huko Mama hakuijua hata neno, lakini Chiriku alikuwa akiisoma shuleni kwa mwaka wa tatu. Baba akasema basi hakuna haja ya kikao. Kaka yake akasimama wima na kumpigia saluti.

"Mheshimiwa Waziri wa Usafiri," alisema, "usitupotezee mama."

Waziri alifanya kazi yake. Kwa majuma mawili alijaza daftari: jinsi ya kuomba tiketi ya mtu mzima na ya mtoto, jinsi ya kuuliza treni inasimama wapi, jinsi ya kusema samahani, naomba useme polepole.

Walifika huko mchana, siku moja kabla ya mashindano. Jioni ileile Chiriku alimpeleka Mama kituo cha treni cha jirani, ili asubuhi wasihangaike. Alisimama mbele ya mashine ya tiketi, akasoma kila neno kwenye kioo kabla ya kubonyeza. Zilitoka tiketi mbili za karatasi ngumu, kila moja ikiwa na mstari mweusi mgongoni. Mama alimtazama kama anavyotazama gauni lililomalizika. Chumbani, Chiriku aliziweka tiketi mahali salama kuliko pote alipopajua: katika kopo la pini, waliloleta kwa ajili ya marekebisho ya mwisho. Akabana kifuniko, akalala kwa furaha.

Asubuhi walikuwa langoni mwa kituo, Mama amebeba gauni ndani ya mfuko mrefu. Dirisha la kuandikisha washiriki lingefungwa saa nne kamili, na atakayechelewa angerudi na nguo yake. Chiriku aliingiza tiketi ya kwanza. Lango likaitema na kuwasha taa nyekundu. Ya pili nayo vilevile. Nyuma yao watu walianza kuguna.

Karani wa kituo alikuja mbio. Alizitazama tiketi, akatikisa kichwa na kuomba radhi. Alisema fundi wa kituo alitengeneza mashine ya lango juzi tu, na bila shaka ameharibu tena. Safari hii atamwandikia ripoti kwa mkuu wa kituo. Wao wasijali, angewapa tiketi nyingine na kuwafungulia lango, kwani treni ilikuwa inaingia.

Chiriku alikwisha kufungua mdomo kushukuru. Ndipo alipoona upande wa nyuma wa tiketi moja, mkononi mwa karani. Chini ya ule mstari mweusi palichorwa sumaku ndogo, imepigwa msalaba mwekundu. Jana alisoma kioo chote cha mashine, lakini tiketi hakuigeuza. Usiku kucha zilikuwa zimelala na sumaku, nayo ilikuwa imefuta alama ambazo lango husoma.

"Anasema nini?" aliuliza Mama.

Chiriku alihisi masikio yakimchoma. Karani hakujua habari za kopo. Mama hakujua lililosemwa. Angeweza kumjibu karani neno moja tu, asante, wakapita, na gauni likafika mapema.

"Mama, anadhani fundi wa mashine ndiye aliyekosea," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini ni mimi. Ni sumaku yetu. Nikimwambia, huenda tukakosa treni."

Mama alilishika gauni vizuri begani. "Mwambie," alisema.

Akamwambia. Maneno ya daftarini hayakutosha, kwa hiyo alilitoa kopo mkobani, akalifungua, akaionyesha sumaku iliyojaa pini kama nungunungu. Karani alishangaa, kisha akaeleza kwamba tiketi iliyoharibiwa na abiria ina utaratibu wake: kujaza fomu na kusubiri saini. Treni ikaondoka wakijaza fomu. Chiriku aliandika huku machozi yakimlengalenga.

Fundi wa mashine alifika na sanduku la zana, tayari kulitengeneza lango. Karani alipomsimulia, aliweka sanduku chini, akampa Chiriku mkono kama mtu mzima. Aliposikia wanakokwenda na saa ya mwisho, aliwaambia wapande behewa la nyuma kabisa. Wakishuka wangekuta ngazi ndogo inayotokea mlangoni mwa ukumbi, badala ya kuzunguka barabara nzima.

Walipanda treni iliyofuata, behewa la nyuma. Ngazi ilikuwepo. Walifika dirishani zikiwa zimebaki dakika nne.

Waamuzi waligeuza kila nguo ndani nje, na gauni la Mama likashika nafasi ya pili. Waliporudi nyumbani, mafundi wenzake walijaa chumba cha mbele kuitazama hati ya ushindi. Mama aliwasimulia habari za tiketi kwanza, naye Chiriku akajifanya anaokota pini.

"Gauni langu lilikaguliwa na watu wengi," alisema Mama, akimshika binti yake bega. "Huyu hakukaguliwa na mtu. Hata mimi mamaye nilikuwa kama kiziwi pale. Kusema kweli mbele ya wanaojua si kazi kubwa. Yeye aliisema pale ambapo uongo usingejulikana kamwe, na mtu asiyemfahamu akabaki na heshima yake. Nafasi ya pili ni yangu. Kwangu mimi, ya kwanza ni yake."